Je, Wajua? Kwa Nini Bageti ya Asubuhi Huwa Rungu Ikifika Jioni

Mgeni akifika Paris hununua bageti, ule mkate mrefu mwembamba wa Kifaransa, asubuhi, akala nusu kwa siagi na jibini, nusu akaiacha juu ya meza hotelini. Jioni akirudi anakuta kitu cha kumfukuzia mwizi. Hapo hapo anatoa hukumu: mkate umekauka, maji yake yamekwenda na hewa. Kesho yake, kwa kuwa amejifunza, ananunua mwingine na kuutia kwenye friji. Matokeo yanakuwa mabaya zaidi, naye anabaki anawalaumu waokaji.

Dhana kwamba mkate mgumu ni mkate uliokosa maji ina nguvu kwa sababu inaendana na mambo tunayoyaona kila siku. Nguo zikianikwa hukauka na samaki akianikwa hukakamaa, kwa nini mkate uwe na sheria zake? Lakini mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault aliufunga mkate pasipo mwanya wa maji kutoka. Mkate ule haukupoteza maji, na bado ukawa mgumu. Kisha akaupasha moto hadi nyuzi 70 hivi za Selsiasi, ukalainika tena. Hebu lifikirie hilo kidogo. Kama ugumu ungekuwa ni ukosefu wa maji, moto ungewezaje kuuponya? Moto hufukuza maji, hauyaleti.

Ushahidi huo una zaidi ya miaka 170, na bado nyumba nyingi zinaishi kwa dhana ya zamani. Kuithibitisha jikoni ni rahisi. Kausha kipande cha mkate kabisa kwenye oveni: kitakuwa chepesi, kitalia kikivunjwa, na ukikipasha tena hakitalainika kamwe. Sasa chukua mkate uliolala usiku mmoja. Huo haulii. Unapinda, unasumbua meno, na ukiupasha unarudi kuwa laini. Mkate mkavu na mkate uliolala ni vitu viwili tofauti, ingawa mlaji huvitukana kwa neno moja.

Kinachotokea ndani kinahusu wanga. Anayejua kiporo cha wali tayari ameshakiona. Wali ukiwa wa moto ni laini, punje zimevimba na zinanata kidogo. Ukiufunika vizuri na kuulaza kwenye friji, asubuhi unakuta kila punje imesimama peke yake, ngumu katikati. Maji hayakutoka, kwani chombo kilikuwa kimefunikwa. Unapasha, unanyunyizia matone machache, na wali unarudi karibu na hali yake ya jana. Mkate ukilala unafanya jambo hilohilo.

Wanga katika unga mbichi umejifunga ndani ya vipunje vidogo mno, na ndani ya kila kipunje kuna minyororo mirefu ya sukari iliyopangwa kwa kubanana. Maji baridi huingia kidogo tu. Joto likifika nyuzi 60 na kupanda, minyororo inalegea, maji yanapenya katikati yake, na vipunje vinavimba. Ulaini wa mkate uliotoka jokoni, kama ulaini wa wali uliotoka jikoni, ni minyororo hiyo iliyolegea ikiwa imekumbatia maji.

Mkate ukipoa, minyororo inaanza kurudi kwenye mpangilio. Haurudi uleule wa zamani, ila inasogeleana, inashikana, na kuunda sehemu ngumu zilizopangwa kama fuwele. Minyororo hiyo ni ya aina mbili. Amilosi ina haraka: humaliza kazi yake ndani ya saa chache, na ndiyo inayoupa mkate uimara wa kukatika kwa kisu bila kubomoka. Amilopektini ni ya polepole, inaendelea kwa siku kadhaa, na lawama kubwa ya ugumu wa mkate uliolala iko kwake. Maji bado yamo, lakini hayalainishi tena. Ukipasha kuvuka nyuzi 60 hivi, mishiko ya amilopektini inaachia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti wa Uholanzi, J. R. Katz, alionyesha kwamba mkate uliowekwa kwenye joto la kutosha haupatwi na ugumu huu, na kwamba kasi yake huongezeka mkate unavyokaribia baridi ya kugandisha. Kwa hiyo friji, yenye nyuzi 4 hivi, ni mahali pabaya kuliko mezani. Friza ni habari nyingine. Humo maji yanaganda na minyororo inakosa nafasi ya kusogea, hivyo mkate ulioingizwa ungali mpya hutoka karibu vilevile.

Tahadhari mbili hapa. Kwanza, wanga hauko peke yake. Gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike, nayo inatajwa, na wataalamu hawajakubaliana mchango wake ni mkubwa kiasi gani. Pili, bageti ni nyembamba, kwa hiyo maji yake hupotea kweli kuliko ya mkate mkubwa wa duara. Wanaosema imekauka wana sehemu ya ukweli, ila wanaianza hadithi mwishoni. Kabla ya hapo ganda, ambalo lilitoka jokoni likiwa kavu, linavuta maji kutoka ndani. Kwa saa kadhaa bageti inakuwa kinyume cha ilivyoumbwa: nje imelegea, ndani imekaza. Mfuko wa plastiki huiharakisha hali hiyo, kwa sababu unyevu unaotoka hauna pa kwenda isipokuwa kwenye ganda. Mfuko wa karatasi hulilinda ganda kwa muda, kisha huuacha mkate ukauke. Haponi mtu.

Kwa nini basi mkate wa slesi wa dukani hukaa siku nyingi ukiwa laini? Kwa sababu una mafuta, sukari, na mara nyingi viambato vya kuzuia wanga usijipange upya. Bageti haina kinga hizo. Amri ya serikali ya Ufaransa ya mwaka 1993 inaruhusu mkate uitwao *tradition française* uwe na unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu ya asili, pamoja na kiasi kidogo sana cha unga wa maharage, soya au kimea. Hakuna dawa ya kuuhifadhi, na unga uliokandwa hauruhusiwi kugandishwa. Ukiwa Ufaransa omba *tradition*, usiombe bageti tu. Tofauti ya bei ni ndogo na ya ladha si ndogo.

Habari za asili ya bageti tuzipite haraka. Hadithi kwamba Napoleon aliagiza mkate mrefu ili askari waubebe kwenye suruali ni tamu na haina ushahidi. Ile ya sheria ya 1919 iliyozuia waokaji kufanya kazi usiku ina sheria ya kweli ndani yake, lakini mikate mirefu ilikuwapo Paris kabla ya hapo. UNESCO iliuingiza ufundi wa bageti kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2022, na watu wa Moroni na Bujumbura waliokulia kwenye mkate huo hawakuhitaji kuambiwa.

Mkate usiodumu hadi kesho hulazimisha mji mzima kuupangia ratiba. Bekari za Paris huoka zaidi ya mara moja kwa siku, na huuza nusu bageti kwa anayekula peke yake. Hadi mwaka 2015 bekari za jiji hilo hazikuwa huru hata kuchagua likizo: ziligawanywa makundi mawili, moja likipumzika Julai na jingine Agosti, ili kila mtaa ubaki na pa kununulia.

Bageti iliyokwisha kuwa rungu bado ina nafasi moja. Lowesha ganda kwa maji ya bomba, uitie kwenye oveni yenye moto mkali kwa dakika chache, uile papo hapo, maana ikipoa hukaza upesi kuliko mwanzo. Usirudie mara ya pili. Maji yaliyobaki hayatoshi. Hapo ikate vipande kwa ajili ya supu ya vitunguu, au uvichovye kwenye maziwa na mayai na kuvikaanga kwa siagi, chakula ambacho Wafaransa hukiita *pain perdu*. Kwa kazi hiyo mkate uliolala unaushinda mpya, kwani wanga uliojipanga hunywa maziwa bila kubomoka, wakati bageti ya asubuhi hiyohiyo husambaratika kabla haijafika kwenye kikaango.