Klampu ya feraiti kwenye kebo: bana zote kwanza, uliza baadaye

Tuko maabara tunapima kifaa kinarusha mawimbi ya redio kiasi gani: kiko mezani kinazungushwa, antena iko mita 3, na kwenye skrini kuna kilele kimoja kimechomoza juu ya kikomo kinachoruhusiwa pale megahezi 80 hivi. Basi kuna mtu lazima atoe klampu ya feraiti mfukoni (kile kidude cha kauri ya oksidi ya chuma kinachobanwa kuzunguka kebo), abane kebo ya kwanza aliyoiona, kilele kisisogee hata kidogo, afu atangaze kwamba feraiti ni urembo tu. Sio urembo bwana, tatizo ni namna tunavyozitumia.

Kinachorusha mawimbi sio data yenyewe, data inaenda na waya mmoja inarudi na mwingine kwa hiyo zinafutana. Kinachorusha ni mkondo wa komoni modi, ule unaovuja kutoka kwenye bodi ya saketi ukapita nyaya zote kuelekea upande mmoja, na shildi (ganda la chuma linalozunguka nyaya) ikiwemo. Na hauhitaji kuwa mkubwa: kebo ya mita 1, megahezi 50, mikroampea 5 tu, tayari umefikisha mikrovolti 100 kwa mita ukiwa umbali wa mita 3, na hicho ndo kikomo cha FCC, mamlaka ya mawasiliano kule Marekani, kwa vifaa vya nyumbani kati ya megahezi 30 na 88.

Feraiti inaongeza ukinzani kwenye huo mkondo tu, ndo maana kebo nzima inapita ndani, ya kwenda na ya kurudi. Ukipitisha waya mmoja wa pawa peke yake, mkondo wa DC unaishibisha feraiti (inajaa sumaku, haizuii tena) na umebaki na kipande cha jiwe.

Sasa hesabu ambayo watu hawaipendi. Kebo yenyewe tuseme ina omu 150 kwa komoni modi (inabadilika sana kufuatana na frikwensi, ila namba hii inatosha kukadiria). Bana feraiti ya omu 150, jumla 300, mkondo umekuwa nusu, yaani desibeli 6. Ongeza ya pili kama hiyo unapata desibeli 3.5 tu zaidi, ya tatu ndo kabisa, kwa hiyo anayepanga klampu sita mfululizo anajichosha. Bora upitishe kebo mara mbili ndani ya feraiti moja, ukinzani unapanda karibu mara nne, ila ujue huko juu kwenye mamia ya megahezi kapasitansi kati ya mizunguko inaanza kukuangusha (mkondo unaruka mzunguko hadi mzunguko bila kuzuiwa na feraiti). Na hakikisha nusu mbili za klampu zimefunga sawasawa mpaka ilie klik, mwanya mdogo tu kama unene wa karatasi unakula ukinzani mwingi.

Mahali pa kuibana: karibu na soketi ya kifaa, kwa kawaida hapo mkondo uko juu. Ukiiweka kwenye ncha inayoning'inia bila kuunganishwa popote hakuna mkondo wa kuzuia.

Sasa yule mtu wa mfukoni. Kama kebo tatu zinarusha kwa nguvu inayokaribiana, kubana moja hakuonyeshi kitu, unaitoa unajaribu nyingine nayo hivyohivyo, unahitimisha kebo hazina hatia kumbe zote zinayo. Mimi nabana zote au nachomoa zote zinazochomoleka, kilele kikishuka narudisha moja moja mpaka kilele kirudi juu tena. Kisiposhuka, naacha kebo naangalia boksi na bodi.

Halafu zile klampu kubwa kwenye sakafu ya chemba (chumba cha kupimia), pale kebo zinapotoka eneo la kipimo, usiziguse. Zile ni za maabara, zinapunguza athari ya kebo iliyo nje ili majibu yasitofautiane sana kati ya chemba moja na nyingine.

Ukishafaulu na feraiti yako, iandikwe kwenye ripoti na itoke kiwandani na kila kifaa. Hapo mimi nachagua iliyofinyangwa ndani ya plastiki ya kebo, maana ya kubana mteja ataitoa siku ya kwanza akidhani ni uzito tu.