Bijeli na Machujio ya "Nano": Yajue Kabla ya Kununua au Kuagiza Kemikali

Maombi ya kuingiza kemikali za majaribio ya nano, yaani ya vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, yameongezeka kwenye dawati letu hapa Dar es Salaam, na pamoja nayo malalamiko ya watu waliouziwa machujio ya maji yenye jina hilo. Neno linalotajwa sana siku hizi ni bijeli, nyenzo laini yenye vitundu ambayo umbo lake hushikiliwa na chembe ndogo mno. Wanafunzi wanaotuletea maombi wanaijua nusu. Baadhi ya wauzaji wanaoitaja hawaijui kabisa.

Bijeli ilibashiriwa kwa hesabu za kompyuta mwaka 2005, na mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakaitengeneza kwa mkono. Walitumia maji na lutidini (kemikali ya majimaji ya maabara), vimiminika vinavyochanganyika vikiwa baridi na kuachana vikifika kama nyuzi joto 34. Uwiano ukiwa sawa, haviachani kwa matone. Hujipanga katika njia mbili zilizosokotana, kila moja ikipenya kutoka upande huu hadi ule bila kukatika. Vikiachwa hivyo, njia hizo hunenepa, hukatika, na mwisho kimoja hukaa juu na kingine chini, kama tui la nazi lililolala.

Kinachozuia hilo ni chembe za silika, madini yaleyale ya mchanga. Zikitayarishwa zisipendelee kimiminika kimoja kuliko kingine, hunasa mpakani mwa viwili hivyo. Kati ya maji na mafuta ya kawaida, kuing'oa chembe ya kipenyo cha nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hudai nishati kubwa maelfu ya mara kuliko ile ya mtikisiko wa joto la chumba, kwa hiyo ikishanasa haitoki. Njia zinaponenepa, eneo la mpaka hupungua, chembe hubanana hadi zikakosa pa kusogea, na umbo lote husimama lilipofikia. Ukizidisha chembe, vitundu huwa vidogo, kwa sababu msongamano hutokea mapema. Bado tunapokea maandiko yanayodai kuwa chembe "huziba" vitundu. Haziviingii, hukaa kwenye kuta zake.

Kuhusu joto, tuwe wakweli. Mchana wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hapa mjini kinaweza kukaribia nyuzi hizo 34, na buti la gari lililoegeshwa juani huzipita. Mchanganyiko wa lutidini utakuwa umeachana kabla hujafika maabara. Tena lutidini inanuka vibaya na inashika moto. Anayeanza atafute njia iliyochapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Humo etanoli ndiyo inayopatanisha maji na mafuta. Mchanganyiko ukimiminwa ndani ya maji, etanoli hukimbilia nje, vilivyobaki huachana papo hapo, na chembe hubanana. Mafuta yakiwa ya aina inayogeuka polima (kitu kigumu kama plastiki), mwanga wa urujuanimno huyagandisha, ukabaki na uzi au utando mgumu wenye vitundu.

Sasa machujio. Mkazi wa Kigamboni mwenye kisima cha maji ya chumvi anaambiwa chujio la nano litayafanya matamu. Halitafanya hivyo. Bakteria wengi wana ukubwa wa kama nanomita 1,000, hivyo utando wenye vitundu vya makumi ya nanomita unaweza kuwazuia. Chumvi iliyoyeyuka ni ndogo kuliko nanomita moja na itapita. Chumvi huondolewa kwa osmosisi kinyume, mtambo mwingine wenye pampu ya shinikizo inayosukuma maji kupita utando unaoizuia chumvi. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Kwa wanaoagiza kemikali, utaratibu uko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwanza unasajiliwa. Pili unaomba kibali cha kuingiza, na unakiomba kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji, si ukiwa umeshatua bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda. Tatu, ombi liambatane na karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali. Kila kemikali, ndugu mwombaji: etanoli peke yake, silika peke yake. Nne, eneo la kuhifadhi liwe tayari kukaguliwa, na kila chombo kiwe na lebo inayosomeka. Kibali cha shehena moja hakitumiki kwa shehena nyingine, hata kama ni kemikali ileile kutoka kwa muuzaji yuleyule. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. "Ni za utafiti tu" si kibali.

Silika ikiwa ndani ya maji haina usumbufu mkubwa; ikikauka hupeperuka, basi vaeni barakoa na msifagie kwa ufagio mkavu. Njia ya etanoli hutumia pia kemikali ya jamii ya sabuni inayodhuru samaki. Mabaki yake yasimwagwe sinkini wala kwenye mtaro unaoelekea Mto Msimbazi. Yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe kilichomo na tarehe, na liwekwe mbali na moto hadi likabidhiwe kwa mwenye kibali cha kuteketeza taka za kemikali.