Ini Lenye Mafuta: Maana Yake na Namna Linavyofungamana na Kisukari

Mtu mwenye kisukari aina ya 2 anakula mapema jioni, analala, na asubuhi anapimwa kabla hajatia chochote kinywani. Kipimo kinaonyesha milimoli 9 kwa lita, ilhali kuanzia 7 tayari ni kiwango cha kisukari. Anauliza sukari hiyo imetoka wapi na yeye hakula usiku kucha, na mara nyingi anachoambulia ni kutazamwa kama mtu anayeficha alichokula. Huko ni kumwonea. Sukari ya asubuhi kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ini lake mwenyewe, na ili kuelewa kwa nini ini linaimwaga bila kiasi, ni lazima kwanza kuelewa maana ya ini lenye mafuta.

Ini huhesabiwa kuwa lenye mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapokuwa zimejaa matone ya mafuta. Hali hii haiumi, na mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua. Kwa muda mrefu ilitajwa kwa kile ambacho siyo, yaani ini lenye mafuta lisilotokana na pombe, hadi mwaka 2023 wataalamu walipokubaliana juu ya jina jipya linaloihusisha moja kwa moja na hitilafu za umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula: uzito uliozidi, sukari iliyopanda, shinikizo la damu, au mafuta ya damu yaliyovurugika. Naona mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, kwa kuwa jina la zamani lilimfanya mgonjwa aanze kujitetea kuhusu pombe kabla hajaelezwa ugonjwa wenyewe.

Kiungo kati ya ini na kisukari ni ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia ipasavyo homoni inayodhibiti sukari. Insulini hutengenezwa na kongosho, na damu inayotoka kongosho hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, kwa hiyo ini ndilo la kwanza kupokea maagizo yake. Maagizo hayo ni mawili: liache kutoa glukosi kwenye damu, na ligeuze sukari ya ziada kuwa akiba, mafuta yakiwemo. Ini linapojaa mafuta, baadhi ya kemikali zitokanazo na mafuta hayo huzuia agizo la kwanza lisifike, lakini la pili huendelea kutekelezwa. Matokeo yake ini moja linafanya mambo mawili yasiyopaswa kwenda pamoja, kumwaga sukari na kutengeneza mafuta. Kongosho likiona sukari imepanda huongeza insulini, na insulini hiyo nyingi hulisukuma ini kutengeneza mafuta zaidi. Ndiyo maana si sahihi kusema tu kwamba kisukari huleta mafuta kwenye ini, wala kwamba mafuta kwenye ini huleta kisukari. Kila kimoja humlisha mwenzake.

Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alipendekeza mwaka 2008 kwamba mafuta yanayotoka kwenye ini huishia pia kwenye kongosho na kulidhoofisha. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 11 wenye kisukari waliokula takriban kilokalori 600 kwa siku chini ya uangalizi. Ndani ya siku 7 tu mafuta ya ini yalipungua kwa karibu asilimia 30, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikashuka kutoka wastani wa 9.2 hadi 5.9, ilhali kongosho lilichukua wiki kadhaa kupata nafuu. Hilo si jambo la kujaribu nyumbani, hasa kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Hapa ndipo elimu ya uuguzi inapoguswa. Mwanafunzi hufundishwa ini katika somo la mfumo wa chakula na kisukari katika somo la homoni, kisha tunategemea aviunganishe mwenyewe akiwa wodini. Mtafiti wa elimu ya uuguzi anayetaka kujua kama ufundishaji umefika anaweza kuanza na swali lile lile la sukari ya asubuhi: ampe mwanafunzi kisa hicho kabla na baada ya kufundishwa mada hizo mbili kwa pamoja, na asikilize kama maelezo yake yanafika kwenye ini au yanaishia kwenye sahani ya mgonjwa. Kwangu mimi jibu hilo lina uzito kuliko alama za mtihani wa kuchagua, kwa sababu ndilo atakalompa mgonjwa.

Muuguzi anahitaji pia kujua kwamba vimeng'enya vya ini (protini za ini zinazopimwa kwenye damu) vikiwa vya kawaida havithibitishi kuwa ini ni salama. Hatari kubwa ni kovu, ambalo huweza kufikia ini kusinyaa, na kipimo cha mwanzo cha kulishuku, kiitwacho FIB-4, hukokotolewa kwa umri wa mgonjwa, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kwa mtu mzima aliye chini ya miaka 65, matokeo chini ya 1.3 huashiria kwamba uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo; yakizidi hapo, apelekwe kwenye kipimo cha ugumu wa ini. Mara nyingi namba hizo nne tayari zimo kwenye faili lake.