Ukaguzi wa mara kwa mara wa mfumo wa umeme katika majengo ya biashara: maana yake na unavyofanyika

Ukaguzi wa mara kwa mara ni kazi ya kuchunguza na kupima mfumo wa umeme ambao tayari unatumika, uwe wa ofisi, duka, hoteli au ghala, ili kujua kama bado unawalinda watu na jengo. Kujua kama umeme unafika si lengo lake. Taa zinaweza kuwaka na friji zikagandisha bila shida hata kama waya wa eathi ulikatika miaka mingi iliyopita, kwa sababu katika siku za kawaida eathi haitegemewi kuendesha kitu chochote. Inahitajika siku waya wenye moto unapogusa bodi ya chuma ya mashine. Breka na RCD (kifaa kinachokata umeme kinapohisi unavuja) nazo ni vivyo hivyo: zinaweza kukwama ndani bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Njia ya kujua kama ulinzi huo upo ni kuupima kabla haujahitajika.

Kazi hii ni tofauti na ukaguzi wa mwanzo, ule unaofanywa kabla jengo jipya halijawashwa. Pia haihusu pasi, birika wala kompyuta zinazochomekwa. Inahusu vilivyofungwa jengoni: meinswichi, DB (boksi la breka linalogawa umeme jengoni), breka, nyaya zilizo ukutani na darini, soketi, swichi, taa na eathi. Kwa kawaida wajibu wa shirika la umeme unaishia kwenye mita. Kuanzia hapo, mfumo ni wa mwenye jengo.

Mafundi wengi wa Kenya na Tanzania wamefundishwa kwa kufuata kanuni za Uingereza, BS 7671, na mwongozo unaoambatana nazo ndio unaotajwa sana kuhusu muda. Ofisi, maduka na hoteli zinashauriwa kukaguliwa kikamilifu angalau kila miaka 5, viwanda kila miaka 3, mabwawa ya kuogelea na vituo vya mafuta kila mwaka, na umeme wa muda kwenye eneo la ujenzi kila miezi 3. Hiyo ni mipaka ya juu. Jengo lililo karibu na bahari, ambako chumvi inakula viunganishi, au lililofurika maji, au lililobadilisha mpangaji na matumizi, lisingoje miaka 5 itimie. Duka la nguo likigeuzwa kuwa mgahawa wenye majiko ya umeme, mzigo ambao nyaya zilipangiwa haupo tena.

Kazi inaanza kwa macho, na hapo ndipo kasoro nyingi hupatikana. Mkaguzi hufungua DB na kutafuta plastiki iliyobadilika rangi, harufu ya kuungua, skrubu zilizolegea na matundu ambamo kidole au mjusi anaweza kuingia. Kisha analinganisha breka na waya wake. Waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba kwa kawaida huwekewa breka ya ampea 6 au 10. Ukikuta umeshikwa na breka ya 32, ujue kuna mtu aliyechoka kurudisha breka iliyokuwa ikianguka, akaweka kubwa badala ya kutafuta sababu. Sasa waya utaungua kabla breka haijaanguka.

Rangi za nyaya zinahitaji umakini wa pekee. Katika mfumo wa zamani wa fezi tatu, fezi (nyaya zenye moto) zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ilikuwa nyeusi. Katika mfumo mpya, ambao Uingereza iliulazimisha kwa kazi zote mpya kuanzia 2006, fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Yaani bluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa fezi. Jengo lililoongezewa vyumba baadaye linaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya DB moja. Bango la onyo liwepo, na fundi asiamini rangi kabla ya kupima.

Baada ya macho ni vipimo, na vya kwanza hufanywa umeme ukiwa umezimwa, meinswichi imefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa anayepima. Testa (kifaa kinachoonyesha kama umeme upo) inajaribiwa kwenye umeme unaojulikana kuwa upo, inatumika kupima pale panapofanyiwa kazi, kisha inarudishwa kujaribiwa kule kwa mwanzo. Testa iliyokufa haiwaki, na fundi anaweza kudhani umeme haupo. Penye jenereta, sola au UPS (betri ya akiba ya kompyuta), kila chanzo kinazimwa peke yake.

Kipimo cha kwanza ni kuhakikisha waya wa eathi umeunganika bila kukatika kutoka DB hadi kila soketi na kila bodi ya chuma. Kwa soketi zilizofungwa kwa ringi, yaani waya unaotoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, kila waya unapimwa ncha kwa ncha. Shaba ya milimita 2.5 za mraba ina ukinzani wa takriban ohm 0.0074 kwa mita, hivyo ringi ya mita 60 inapaswa kusoma kama ohm 0.44. Mita isiposoma kitu, ringi imekatika mahali fulani. Hitilafu hii ni ya hatari kwa sababu haijitangazi: soketi zote zinaendelea kufanya kazi, kila moja ikilishwa kutoka upande uliobaki. Breka ya ampea 32 iliwekwa kwa hesabu ya njia mbili. Sasa mzigo wote unaweza kupita kwenye njia moja ambayo, ikiwa imebanwa ndani ya bomba au kufunikwa na dari, haiwezi kubeba ampea 32 bila kupata moto.

Kinachofuata ni kupiga mega, yaani kupima uimara wa plastiki inayozihami nyaya. Kwa saketi (njia za umeme, kila moja na breka yake) za volti 230 au 400, mega inasukuma volti 500 za DC, na usomaji wa chini unaokubalika ni megaohm 1. Kompyuta, mashine za malipo, taa za LED na vidhibiti vya viyoyozi vinaweza kuharibiwa na volti hizo, kwa hiyo huchomolewa. Visivyochomoleka, fezi na nyutro huunganishwa pamoja na kupimwa kwa pamoja dhidi ya eathi. Vifaa vya kuzuia mshtuko wa radi navyo viondolewe kwanza, maana vinashusha usomaji na kumfanya fundi atafute kosa ambalo halipo. Swichi za taa ziwe zimewashwa, la sivyo waya ulio mbele ya swichi haujapimwa.

DB nzima ikisoma chini, isihukumiwe haraka. Saketi 10 zenye megaohm 10 kila moja, zikipimwa kwa pamoja, zinasoma megaohm 1 tu. Mkaguzi hutenganisha saketi moja moja mpaka apate iliyoharibika. Sababu za kawaida ni maji yaliyoingia kwenye boksi la nje, panya waliotafuna darini, msumari uliopigwa ukutani, au plastiki iliyokauka na kupasuka juu ya taa zenye joto.

Umeme ukirudishwa, kinapimwa kitu muhimu kuliko vyote: ukinzani wa njia nzima ambayo umeme wa hitilafu utapitia hadi kurudi kwenye transfoma. Breka ya aina B ya ampea 32 inahitaji takriban ampea 160 ili ianguke papo hapo, na kwa volti 230 kanuni inataka njia hiyo isizidi ohm 1.37. Tuseme eathi imelegea na kipimo kinasoma ohm 3. Hitilafu ikitokea zitapita ampea 77 hivi, na breka inaweza kuchukua sekunde nyingi kabla ya kuanguka. Muda wote huo bodi ya mashine ina umeme, wakati kanuni inataka ukatike ndani ya sekunde 0.4. Ndiyo maana tunasema breka nzima bila eathi nzuri haimlindi mtu.

Jengo ambalo eathi yake inategemea rodi yake yenyewe iliyopigwa ardhini ndilo la kuangaliwa zaidi. Rodi yenye ohm 60 inaonekana si mbaya, lakini hitilafu itapitisha ampea kama 4 tu, na hakuna breka ya kawaida itakayoanguka. Hapo RCD ni lazima. Ya miliampea 30 inapopimwa kwa kiwango chake hicho inatakiwa kukata ndani ya milisekunde 300. Kitufe chake cha majaribio kinapaswa kubonyezwa kila baada ya miezi 6 na mtu yeyote wa jengo, ila hakichukui nafasi ya kipimo: kinaonyesha tu kwamba kifaa kinajongea, hakisemi kinachukua muda gani wala kama eathi ipo.

Matokeo yote huandikwa kwenye ripoti. Katika mfumo wa Uingereza kila kasoro hupewa alama. C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, mfano waya ulio wazi wenye moto mahali pa kufikiwa na mkono. Mkaguzi anatakiwa kuiondoa hatari hiyo au kuizuia hapohapo na kumwarifu mwenye jengo mara moja. C2 ni hatari inayoweza kutokea, kama eathi isiyokuwepo kwenye soketi. C3 ni ushauri wa kuboresha, na FI ni jambo linalohitaji uchunguzi zaidi bila kuchelewa. Ikiwemo hata C1, C2 au FI moja, jengo halijafaulu. Ripoti isiyo na namba za vipimo, yenye alama za vema peke yake, ikataliwe, kwa sababu haionyeshi kwamba kuna kilichopimwa. Sehemu ambazo hazikufikiwa, au zilizochukuliwa kwa sampuli, nazo zitajwe kwa jina.

Anayefanya kazi hii awe na leseni inayolingana na ukubwa wa mfumo: Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, ambazo ni mamlaka za udhibiti wa nishati. Mwenye jengo amwandalie michoro ya DB, ripoti iliyopita, na saa ambazo umeme unaweza kukatwa, mara nyingi usiku au Jumapili. Ripoti ya zamani ina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Saketi iliyosoma megaohm 200 miaka 5 iliyopita na leo inasoma 4 bado imefaulu, lakini huenda isifike ukaguzi ujao ikiwa hivyo. Itafutiwe sababu sasa na kupimwa tena baada ya miezi michache.