Eti Presha Umejitakia?

Kila Jumanne kliniki yetu ya presha na sukari huku Eastlands, Nairobi, hujaa hadi barazani, na kila Jumanne sikosi kuambiwa jambo lilelile. Wiki jana lilitoka kwa kijana aliyemleta mamake. Mama hajaketi vizuri, kijana ashasema: "Daktari, mwambie ukweli huyu. Presha amejitakia mwenyewe." Mama akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Nilimwacha apumzike dakika tano kwanza ndipo nikampima. (Anayekupima ukiwa bado unahema anapima ngazi ulizopanda.) Kisha nikamuuliza mambo ambayo mwanawe hajawahi kumuuliza.

Mama ni mama mboga. Saa kumi alfajiri yuko soko la Marikiti, saa moja amerudi kupanga nyanya, na jioni anawakatia wateja sukuma wiki hadi saa tatu usiku. Huyo ndiye tunayemwambia afanye mazoezi? Mchana hula chapati na maharagwe ya kibandani, ambayo mpishi ashayatia chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Haya, mwambie apime chumvi iliyo kwenye sufuria ya mwenzake.

Kuhusu dawa, miezi miwili mfululizo ameambiwa dirishani kwamba zimeisha, akanunue nje. Kwa kemisti alinunua za siku tatu, maana pesa zilizobaki ni za kununulia mboga za kesho. Na kwenye kadi yake mwenzangu mmoja ameandika: "Mgonjwa hafuati maagizo." Nilipoisoma nilitamani kuikata hiyo sentensi kwa kalamu nyekundu.

Presha ina mizizi mingi: umri, ukoo, chumvi, uzani, pombe, figo. Mingine iko mikononi mwako, mingine ulizaliwa nayo. Tena mara nyingi haitoi dalili yoyote, kwa hivyo "siumwi kichwa" si kipimo. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Utamlaumuje mtu kwa ugonjwa ambao hakuna aliyemwonyesha?

Sijasema mgonjwa hana sehemu yake. Huyu mama nilimgombeza pia, kwa kukata vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na kwa vile viungo vya mchuzi anavyomwaga kwenye chakula cha usiku, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi. Kijana naye nilimpa kazi: kila Jumapili ahesabu vidonge vya mamake, na vikibaki kumi atafute vingine, asingoje viishe. Aliuliza kama ni lazima aje naye tena. Ndiyo, na akija tutampima yeye pia, kwa sababu ukoo ni mmoja.

Kwa sukari lawama hii ni mbaya zaidi. Mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza huambiwa na majirani kwamba alizidisha peremende. Kinga ya mwili wa mtoto ndiyo iliyoshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Peremende haihusiki hata kidogo.

Yako na mengine ninayoambiwa kliniki. "SHA nitalipia nikiugua." SHA ni bima ya afya ya serikali, na bima ni kama chama: pesa za walio wazima leo ndizo zinazomtibu aliyelazwa leo. Mkingoja wote muugue, hamna chama. Ila nakubali kwamba mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi bila kuhisi sana, ilhali wa jua kali anatakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima. Hata kwa kiwango cha chini kabisa cha shilingi 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600 kwa mpigo. Waliopanga hivyo hawajawahi kuishi kwa kipato cha siku.

"Watu wa mtaani huharisha kwa sababu ya uchafu wao." Nunua maji kwa mtungi wiki moja tu, kisha uniambie umenawa mara ngapi.

"Matibabu ya kweli yako Kenyatta." Kenyatta ni hospitali ya rufaa. Ukijisajili na SHA, huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3, yaani dispensari na vituo vya afya, hulipiwa na serikali, hata kama hujatoa mchango. Presha yako itapimwa vizuri tu kwenye dispensari iliyo nyuma ya soko lenu. Nenda na kadi yako na pakiti za dawa zote unazotumia, hata zile za mitishamba unazomficha daktari.