Je, wajua kwa nini seli moja ya msuli huwa na mamia ya viini?

Aliyefundishwa kwamba kila seli ina kiini kimoja hupata taabu anapotazama kwa hadubini uzi wa msuli unaoshikamana na mifupa. Uzi huo ni seli moja. Unene wake kwa kawaida hauzidi ule wa unywele, lakini urefu wake unaweza kufika sentimita kadhaa, na pembezoni mwake, chini tu ya utando, viini vimejipanga kwa mamia, na katika nyuzi ndefu hata kwa maelfu. Vilitoka wapi vyote hivyo?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu la haraka, nalo lilikuwa kosa. Niliamini kwamba kiini kimoja hugawanyika, vikapatikana viwili, kisha vinne, huku seli yenyewe ikibaki bila kugawanyika. Wazo hilo si la kipuuzi, kwa maana ndivyo inavyotokea katika kiinitete kichanga cha nzi wa matunda, ambamo viini hugawanyika kwa duru 13 ndani ya saitoplazimu moja, yaani ute unaoijaza seli, kabla ya kuta kujengwa baina yao. Katika msuli wa mifupa, hata hivyo, mambo huenda kwa njia nyingine kabisa: seli ndogo ziitwazo mioblasti, kila moja ikiwa na kiini chake, hujipanga, hugusana, kisha tando zao huungana na kuwa utando mmoja. Viini havikuzaliana humo, bali vilihamia, na vikishaingia havigawanyiki tena.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1967 na Beatrice Mintz na Wilber Baker kwa njia ambayo, nakiri, hunifurahisha kupita kiasi. Waliunganisha viinitete vya panya wa koo mbili ili wapate panya mmoja mwenye seli za aina mbili zilizochanganyika mwilini mwake, kisha wakachunguza kimeng'enya kiitwacho isositireti dehidrojenasi, ambacho huundwa na vipande viwili vinavyoshikana. Ukoo mmoja hutengeneza vipande vya umbo moja, na ukoo wa pili vya umbo tofauti kidogo.

Tufikirie karakana mbili za viatu, moja ikishona vyekundu na nyingine vyeusi, na kila kiatu kikifungwa na mwenzake ndani ya karakana kabla ya kutoka. Maadamu ukuta baina yao umesimama, jozi zote zitakuwa nyekundu tupu au nyeusi tupu, hata karakana hizo zikiwa zimepakana. Ukuta ukibomolewa, viatu vyote huangukia sakafu moja, na mfungaji asiyejali rangi atatoa pia jozi zenye kiatu chekundu na cheusi. Jozi hiyo mseto haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Sasa, kama nyuzi za msuli zingetokana na kiini kimoja kilichogawanyika, kila uzi ungekuwa wa ukoo mmoja tu, wala pasingekuwa na mseto. Katika msuli wa mifupa wa panya hao, kimeng'enya mseto kilipatikana. Katika moyo hakikupatikana.

Moyo hudanganya macho, kwa sababu seli zake zimeshikana ncha kwa ncha na hupiga kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Vijia vinavyoziunganisha, hata hivyo, hupitisha ayoni na molekuli ndogo tu, si protini; ukuta wa karakana bado umesimama. Kila seli ya moyo ina kiini kimoja, au viwili, katikati. Na hapa jibu langu la zamani lajipatia heshima kidogo, kwa kuwa seli ya moyo yenye viini viwili huvipata kwa kiini kugawanyika bila seli kugawanyika.

Haja ya viini vingi inatokana na umbali. Kiini hutoa nakala za RNA, yaani maagizo yaliyonakiliwa kutoka kwenye jeni, ambazo hutumika kutengeneza protini, zikiwemo aktini na miosini zinazovutana msuli unapokaza, na kwa kawaida nakala hizo hazisafiri mbali. Kwa hiyo kila kiini huhudumia eneo lililokizunguka, kama taa ya barabarani inavyoangaza kipande chake cha njia. Mfano huo usivutwe mno, kwani maeneo hayo hayana mipaka kamili na uzi unaweza kunenepa kiasi bila kuongeza kiini. Viini havigawi kazi sawasawa pia: pale neva inapogusa uzi, vichache hujikusanya na kuzalisha kwa wingi protini zinazopokea asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli ukaze, kazi ambayo majirani wao karibu wameiacha kabisa.

Viini vya ziada huletwa na seli setelaiti, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 baada ya kuziona kwenye msuli wa chura, zikiwa zimebanana kati ya utando wa uzi na ala yake. Uzi ukijeruhiwa au ukitumikishwa sana, seli hizo hugawanyika na baadhi huungana nao. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba viini vilivyoongezwa hivyo hubaki hata msuli ukisinyaa, ingawa kwa binadamu ushahidi bado unavutana.

Misuli laini, ile ya utumbo na mishipa ya damu, haina makuu: seli nyembamba yenye kiini kimoja kirefu katikati, ambacho seli ikijikaza hujisokota kama skrubu.

Kwa uzi wa msuli wa mifupa, kiini kukaa katikati ni habari nyingine. Mtaalamu akiviona viini vya namna hiyo katika nyuzi nyingi za sampuli, hushuku kwamba msuli ule umekuwa ukijikarabati, au una ugonjwa unaozuia viini kufika pembezoni.