Sisters of Mercy haikuwa bendi ya mtu mmoja

Nimechoka kuandikiwa kwamba The Sisters of Mercy, bendi ya roki ya Uingereza, ni mwimbaji Andrew Eldritch na mashine yake ya ngoma, na kwamba wengine wote walikuwa vibarua wa kupita. Mimi ni mpiga besi, na kila nikitaja bendi hii lazima atokee mtu wa kunirushia kauli hiyohiyo. Leo naijibu kwa urefu, ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Mji wa Leeds, Uingereza, 1980. Walioanza ni wawili, Gary Marx na Eldritch. Kwenye singo yao ya kwanza, "The Damage Done", Marx alishika gita na Eldritch alikaa kwenye dramu. Singo hiyohiyo ina wimbo "Watch", na anayeuimba ni Marx. Yaani huyo mnayemwita kibarua aliianzisha bendi, tena aliimba kwenye sahani yake ya kwanza! Baadaye Eldritch aliacha dramu akabaki na maikrofoni, Craig Adams akaingia na besi, na onyesho la York la tarehe 16 Februari 1981 ndilo bendi yenyewe inalolihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa. Ben Gunn akaongeza gita la pili, akaondoka 1983, na nafasi yake ikachukuliwa na Wayne Hussey, aliyetoka bendi ya Dead or Alive.

Sasa hiyo mashine. Waliipa jina Doktor Avalanche, na wengi wakisikia jina wanadhani ni mtu. Ya kwanza ilikuwa Boss DR-55, kijisanduku kidogo kweli: ngoma ya mguu, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), mlio wa kupiga ukingo wa ngoma, na haihati (matoazi mawili yanayogongana). Haihati yenyewe huipangi pigo kwa pigo. Kuna swichi tu, unachagua ilie mara nane au mara kumi na sita kwa kila kipimo cha muziki, basi. Baadaye zilikuja mashine kubwa zaidi, zikiwemo Roland TR-808 na Oberheim DMX, lakini tabia ya muziki ilishajengeka juu ya kile kijisanduku. Mpiga dramu wa kweli husikia mwimbaji anapandisha, naye akaongeza nguvu. Anaweza kuchelewesha sneya kidogo ili wimbo uvute pumzi. DR-55 haikusikilizi. Inakwenda vilevile toka mwanzo hadi mwisho, liwalo na liwe.

Kwa hiyo ile kazi ya kuvuta na kusukuma haikutoweka, ilihamia kwa Adams. Chukua "Alice" ya 1982 na uisikilize kwa spika nzuri, siyo kwa simu. Ngoma hazibadiliki. Gita linazunguka kwenye kifungu chake kilekile. Sauti ya Eldritch iko chini, karibu anaongea. Kinachoutembeza wimbo ni besi, noti za nane (nane kwa kila kipimo) mfululizo, ngumu, zenye mikwaruzo, na kila mkono unapozidisha uzito kidogo unadhani bendi nzima imeongeza kasi. Haijaongeza hata kidogo, mashine haiwezi. Nimewahi kukaa na wapiga besi wenye vidole vyepesi kuliko vyangu tukijaribu kupiga hivyo juu ya mashine, na wengi hulegea kabla wimbo haujafika katikati. Ukikosea, hakuna mpiga dramu wa kukuficha.

Na nyimbo nani alizitunga? Albamu ya kwanza, "First and Last and Always", ilitoka Machi 1985. Maneno ni ya Eldritch, sawa. Lakini muziki wa "Marian" na "Walk Away" ni wa Hussey, na wa "Nine While Nine" na "Some Kind of Stranger" ni wa Marx. Msikilizaji wa Msondo na Sikinde anajua mpiga solo akihama bendi inabadilika sauti hata kama mwimbaji hajatoka. Kwa nini Waingereza hawa tuwasikilize tofauti?

Marx aliondoka 1985, akaenda kuunda Ghost Dance na mwimbaji Anne-Marie Hurst. Tarehe 18 Juni Sisters waliobaki wakapiga ukumbi wa Royal Albert Hall, London, wakiwa watatu na mashine. Kabla mwaka haujaisha Hussey na Adams nao wakatoka, wakaanza kujiita The Sisterhood. Eldritch akawawahi, akatoa singo kwa jina hilohilo mwanzoni mwa 1986, na anayeimba humo ni James Ray, siyo yeye. Wenzake ikabidi wajiite The Mission. Watu hawagombanii jina namna hiyo na vibarua.

Nikubali jambo moja. Kuanzia hapo kauli ya "mtu mmoja" inakaribia ukweli. Albamu ya "Floodland" ya 1987 ni kazi ya Eldritch na mashine zake kwa sehemu kubwa. Patricia Morrison, aliyewahi kuwa kwenye bendi ya The Gun Club, yuko kwenye picha na video akiwa na besi, lakini kuhusu alichopiga kwenye rekodi, kauli zimepingana miaka yote. Mara nyingi naulizwa kuhusu besi ya "Lucretia My Reflection", besi maarufu kuliko zote za bendi hii. Masikio yangu hayatoshi kuamua nani aliipiga, na simwamini mpiga besi anayejidai yake yanatosha. Kwa albamu ya "Vision Thing" ya 1990 kikosi kilikuwa kingine kabisa, Andreas Bruhn, Tim Bricheno na Tony James, na gita zikawa nzito za roki. Tangu hapo hawajatoa albamu mpya ya studio, ingawa wanaendelea kupiga jukwaani. Mpiga gita Ben Christo aliingia 2006 akakaa miaka mingi kuliko Marx, Adams na Hussey waliyokaa wote watatu ukijumlisha.

Bado hujaridhika? Tafuta "Temple of Love" mbili, ya 1983 na ile ya 1992 yenye sauti ya mwimbaji wa Israeli Ofra Haza, iliyofika nafasi ya 3 kwenye chati ya Uingereza. Mwimbaji mkuu ni yuleyule, maneno ni yaleyale, na mashine bado inaitwa Doktor Avalanche. Zima masikio kwa Eldritch, sikiliza gita na besi peke yake kwa dakika mbili kila moja, halafu ndiyo uniandikie.